"Wenyewe Hawapo": Nyumba Iliyobaki katika Hadithi ya Ray Bradbury na katika Al-Inkishafi

1. Utangulizi

Msafiri anayetoka mjini Kisii jioni kuelekea Keroka, au anayeshika njia ya Nyamira, huona vilimani nyumba kubwa za mawe ambazo taa zake za sola hujiwasha giza linapoingia na kujizima kunapopambazuka. Baadhi ya nyumba hizo hazilali mtu. Waliozijenga wako Nairobi au Mombasa, na wengine wako Minnesota, Marekani, ambako Abagusii wengi wamefanya makao. Mgeni akibisha hodi langoni, anayejitokeza ni mlinzi, au jirani aliyeachiwa funguo, na jibu lake huwa fupi: "Wenyewe hawapo."

Makala haya yanaanzia kwenye jibu hilo. Tunakusudia kuisoma hadithi fupi ya Ray Bradbury iitwayo There Will Come Soft Rains, ambayo ilichapishwa mara ya kwanza katika jarida la Collier's mwezi wa Mei 1950 na kuingizwa mwaka uo huo katika kitabu chake The Martian Chronicles. Ni hadithi ya nyumba inayojiendesha yenyewe katika mji wa Allendale, California, baada ya bomu la nyuklia kuuteketeza mji mzima pamoja na familia iliyokuwa ikiishi humo. Tutaisoma sambamba na utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambao unakadiriwa kutungwa kati ya mwisho wa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, na ambao unazitazama nyumba za matajiri wa Pate baada ya wenyewe kuondoka duniani.

Hatudai kwamba Bradbury aliusoma utenzi huo, wala hatuhitaji dai la namna hiyo. Kinachohalalisha ulinganishaji ni kwamba kazi zote mbili zinakabili swali moja la kifani na la kimaadili: nyumba inapobaki baada ya watu wake, ni nani anayesema, na anasema nini? Hoja yetu ni kwamba kitisho cha hadithi ya Bradbury hakitokani na kuwa nyumba imebaki, bali na kuwa nyumba hiyo inaendelea kujibu. Ina sauti nyingi na maneno mengi, lakini imenyimwa maneno mawili ambayo mlinzi wa Kisii hayakosi.

2. Nyumba au jengo?

Hadithi hii mara nyingi hufundishwa kama onyo dhidi ya teknolojia. Usomaji huo si wa makosa, ila ni wa haraka. Unaifanya nyumba kuwa mshtakiwa, ilhali katika hadithi yenyewe si nyumba iliyoua mtu. Kosa lake, ikiwa ni kosa, ni la namna nyingine, na ili kulifikia yatubidi tuanze na neno lenyewe.

Katika semina moja ya wanafunzi wa uzamili, mwandishi wa makala haya aliwataka washiriki waandike muhtasari wa hadithi hii kwa Kiswahili. Mmoja wao, ambaye lugha yake ya kwanza ni Ekegusii, alianza kwa kueleza habari za "nyumba iliyobaki peke yake". Mwenzake akampinga: "Hiyo si nyumba, ni jengo." Mabishano yaliyofuata yalichukua muda wote uliosalia, nasi tunaamini kwamba hayakuwa ya kupoteza wakati.

Katika Ekegusii neno enyomba lina maana ya nyumba ya kukaa, na papo hapo lina maana ya mke na watoto wake kama tawi la ukoo ndani ya boma la mume mwenye wake kadhaa. Philip Mayer, katika utafiti wake wa mfumo wa ukoo wa Abagusii uliochapishwa mwaka 1949, aliliorodhesha neno hilo miongoni mwa majina ya ngazi za ukoo. Ngazi nyingine huitwa riiga, neno ambalo asili yake ni jiwe la figa. Kwa hiyo mtu akiuliza habari za enyomba fulani, mara nyingi anauliza habari za watu, wala hajauliza chochote kuhusu paa na kuta.

Kiswahili nacho hakiko mbali na matumizi hayo. Tunasema "watu wa nyumba moja", na katika lahaja za pwani mlango ni sehemu ya ukoo. Aidha, Kiswahili kina msamiati wake wa makao yaliyoachwa. Gofu ni jengo lililobaki kuta. Mahame ni mahali palipohamwa, na neno lenyewe linahifadhi ndani yake kitendo cha watu walioamua kuondoka. Ganjo ni mahali palipokuwa na mji. Maneno yote haya yanataja kutokuwapo kwa watu. Hayawezi kutamkwa bila kukiri kwamba palikuwa na wenyewe na sasa hawapo.

Nyumba ya Allendale haiingii katika lolote kati ya maneno haya. Si gofu, kwa maana kuta zake zinasimama na jiko lake lina moto. Si mahame, kwa kuwa hakuna aliyehama. Si ganjo, ingawa mji wote unaoizunguka ni kifusi kinachong'ara usiku kwa mionzi. Mwanafunzi aliyesema kwamba hilo ni jengo alikuwa na haki kwa upande mmoja, kwani watu hawamo. Aliyeshikilia neno nyumba naye alikuwa na haki, kwani kila kazi ya nyumbani inaendelea kufanyika humo. Bradbury ameumba kitu ambacho lugha yetu haijakipa jina, na ugumu huo wa kukitaja ndio unaotufungulia mlango wa hadithi.

3. Nyumba inayojibu bila kuitwa

Hadithi inafuata saa za siku moja, tarehe 4 Agosti 2026, mwaka ambao kwa msomaji wa 1950 ulikuwa mbali sana. Saa inaimba kwamba ni wakati wa kuamka. Jiko linatoa vipande vinane vya mkate uliobanikwa, mayai manane, vipande kumi na sita vya nyama ya nguruwe, vikombe viwili vya kahawa na bilauri mbili za maziwa. Sauti kutoka darini inakumbusha tarehe, siku ya kuzaliwa ya fulani na bili zinazopaswa kulipwa. Mlango wa gereji unafunguka, unangoja, kisha unajifunga. Chakula kinapopoa, mkono wa chuma unakikwangua na kukitupa. Panya wadogo wa mpira na chuma wanatoka katika mashimo yao ukutani na kusafisha mazulia.

Msomaji atatambua kwamba idadi ya vyakula ndiyo inayotupa idadi ya watu. Bradbury hasemi mapema kwamba palikuwa na baba, mama, mwana na binti. Tunawahesabu kwa mayai na bilauri. Hii ni mbinu yenye nguvu, kwa sababu inatufanya tuwajue watu kwa mahitaji yao tu, kama nyumba ilivyowajua. Wahenga walisema kwamba nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Hapa methali hiyo imepinduliwa. Waliolala ndani hawako tena, na ila ya nyumba imebaki bila shahidi.

Shahidi pekee yuko nje. Ukuta wa magharibi umeungua wote ukawa mweusi, isipokuwa sehemu tano ambapo rangi imesalia katika umbo la watu: mwanamume akikata nyasi, mwanamke ameinama kuchuma maua, mvulana ameinua mikono, mpira hewani, na msichana anayeungoja mpira huo ambao haukushuka. Picha hii haikubuniwa bure. Hiroshima, baada ya bomu la tarehe 6 Agosti 1945, palipatikana kivuli cha mtu kwenye ngazi za benki alipokuwa ameketi. Mwezi wa Agosti 1949 Umoja wa Kisovyeti nao ulilipua bomu lake la kwanza la majaribio, na msomaji wa Collier's mwaka uliofuata hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba nyumba haiwezi kuusoma ukuta wake wenyewe. Habari ya kifo imeandikwa juu ya mwili wake, na mabomba ya bustani yanaumwagia maji ukuta huo kila siku kama yanavyomwagia nyasi. Ndani kuna sauti za kila aina: za kuamsha, za kuonya kuhusu mvua, za kuimba. Hakuna hata moja iliyotengenezwa kusema kwamba wenyewe hawapo.

Zaidi ya hayo, nyumba hii inakataa kubishiwa hodi. Mbweha na paka waliopita wameulizwa neno la siri, na walipokosa kujibu madirisha yamefungwa. Shomoro akigusa dirisha, pazia linaruka na kumfukuza. Mwandishi anailinganisha nyumba na madhabahu yenye watumishi elfu kumi wanaoendeleza ibada baada ya miungu kwenda zao. Ulinganishaji huo una kinaya kikali, maana ibada inadumu kwa sababu haimhitaji tena anayeabudiwa.

Anayeruhusiwa kuingia ni mbwa wa familia, ambaye sauti yake inatambuliwa. Amekonda na ana vidonda. Anapanda ngazi akibweka mbele ya kila mlango, kisha anaelewa kwamba kimya ndicho kilichomo. Anashuka, anakufa mbele ya mlango wa jikoni ambamo chapati zinapikwa, na panya wa chuma wanamzoa na kumpeleka katika tanuri la taka. Katika hadithi nzima ni mbwa huyu peke yake anayefanya tendo la msiba: anawatafuta wafu kwa majina yao ya harufu, mlango kwa mlango.

4. Mwangwi wa Pate

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili aliyefika hapa hana budi kukumbuka kwamba safari ya mlango kwa mlango imewahi kufanywa kwetu, na aliyeifanya ni mshairi. Pate ulikuwa mji tajiri wa biashara katika funguvisiwa la Lamu. Vita vya urithi, ushindani na Lamu, na hatimaye kushindwa katika vita vya Shela katika mwongo wa pili wa karne ya 19, viliudhoofisha usiinuke tena. Sayyid Abdalla anauelekeza utenzi wake kwa moyo wake mwenyewe. Anaukanya usihadaike na dunia, na kwa ushahidi anauonyesha nyumba za Pate.

Nyumba hizo nazo zilikuwa na starehe za kushangaza. Zilikuwa na taa za kioo na za shaba zilizoufanya usiku uwe kama mchana, na madaka yaliyojaa vyombo vya kauri. Wenyewe walilala katika vitanda vya thamani huku wakipepewa, wakikandwa na kuimbiwa wapate usingizi. Ukiiondoa tofauti ya zama, hii ndiyo nyumba ya Allendale: mwanga unaokuja bila jitihada, kitanda kilichotandikwa na kutiwa joto, na sauti inayombembeleza mwenye nyumba. Bradbury aliyaweka mikononi mwa mashine mambo ambayo matajiri wa Pate waliyaweka mikononi mwa watumishi.

Lakini tazama yanayotokea baadaye. Madaka ya Pate sasa yamekuwa viota vya makinda ya ndege. Bundi analia katikati ya nyumba, mende wanavuma vyumbani, nyenje wanalia katika kumbi, na nyua zimekuwa mwitu. Nyumba hizi zimewapokea viumbe wote waliofukuzwa Allendale. Kwa kuwapokea, zimekubali kwamba zamu ya watu imepita. Kisha mshairi anamwambia asiyeamini aende mwenyewe akazitazame, naye atakapoita atajibiwa na mwangwi tu.

Mwangwi huo una maana kubwa kwa hoja yetu. Mwangwi ni sauti ya anayeita, inayomrudia. Anayeusikia hawezi kudanganyika kwamba kuna mtu ndani. Anajisikia mwenyewe akiwa peke yake mlangoni. Nyumba ya Pate haina sauti yake, na kwa kukosa sauti inasema kweli. Nyumba ya Allendale ina sauti yake, na kwa kuwa nayo inaficha kweli. Ndiyo sababu Al-Inkishafi, pamoja na ukali wake, unamwachia msomaji nafasi ya kuzinduka, kwa vile kuna moyo unaosemeshwa na unaoweza kujibu. Katika hadithi ya Bradbury hakuna anayesemeshwa. Hata maneno ya upole yanaelekezwa kwenye kiti kitupu.

Hata hivyo, heshima tuliyo nayo kwa utenzi huu isitufumbe macho. Mshairi anawataja wapepeaji na wakandaji pale anapoeleza starehe za mabwana, lakini anapouliza waungwana wamekwenda wapi, hawaulizii hao. Wengi wa watumishi wa nyumba kama hizo katika pwani ya wakati ule walikuwa watumwa. Utenzi unaomboleza kwa niaba ya wenyewe, na waliokuwa wakiiendesha nyumba wanapotea katika ubeti uo huo ambamo walitokea. Kwa maana hii Bradbury, bila kukusudia, anatuachia swali ambalo Sayyid Abdalla hakuliuliza: anayetumika anabaki na nini bwana anapoondoka?

5. Pingamizi mbili

Hoja kwamba nyumba ya Allendale imenyimwa maneno ya kweli inaweza kupingwa kwa ushahidi wa matini yenyewe, nasi hatuna budi kuzikabili pingamizi mbili.

Ya kwanza inahusu shairi. Saa tatu na dakika tano usiku, sauti inamuuliza mama wa nyumba angependa kusikia shairi gani. Hakuna jibu. Sauti inasema kwamba kwa kuwa hakuchagua, itachagua yenyewe bila mpango, na inasoma shairi la Sara Teasdale ambalo limeipa hadithi jina lake. Shairi hilo, lililochapishwa mwaka 1918 wakati Vita Vikuu vya Kwanza vikiendelea, linadai kwamba mvua, ndege na miti havitajali hata kidogo ikiwa wanadamu wote wataangamia. Je, si nyumba hiyo hiyo iliyotangaza msiba wake?

Tunajibu kwamba imeutamka, haijautangaza. Kutangaza msiba ni kumwambia mtu. Hapa habari za kuangamia kwa wanadamu zinasomwa kama burudani ya kabla ya kulala, kwa mwanamke ambaye kivuli chake kiko ukutani upande wa pili. Jambo zito zaidi ni namna kimya chake kilivyofasiriwa. Katika Al-Inkishafi kimya kinamaanisha kwamba watu hawapo. Katika Allendale kimya kinamaanisha kwamba mtu hana neno. Nyumba ina njia ya kushughulikia kila jibu, pamoja na kukosekana kwa jibu, na kwa hiyo haiwezi kushtuliwa na kitu. Tena shairi lenyewe linapingwa na hadithi. Teasdale alifikiria ulimwengu wa maumbile yanayoendelea kwa amani. Bradbury anatuonyesha maumbile yaliyounguzwa, ambapo kinachoendelea kwa amani ni jiko.

Pingamizi ya pili ni ngumu zaidi. Katika sentensi inayoeleza jinsi mbwa alivyotambua kwamba ndani kuna kimya tu, msimulizi anaongeza, kwa maneno machache yanayopita upesi, kwamba nyumba nayo ilitambua hivyo. Ikiwa nyumba inajua, basi hoja yetu kwamba haijui inaporomoka.

Tunakubali kwamba maneno hayo yapo na kwamba mhakiki hana ruhusa ya kuyaruka. Lakini na tuangalie yanazaa nini. Mbwa anapotambua, mwenendo wake unabadilika: anaacha kutafuta, anageukia chakula, anakufa. Nyumba inapotambua, hakuna kinachobadilika; saa nane na dakika thelathini na tano meza za karata zinatandazwa uani kama kawaida. Msimulizi, kwa maoni yetu, ameipa nyumba elimu ili tuone kwamba elimu peke yake haitoshi. Kujua kwamba wenyewe hawapo na kuendelea kuwaandalia vinywaji ni hali mbaya kuliko kutojua. Kwa hiyo tunairekebisha hoja yetu badala ya kuitupa: kinachokosekana Allendale si maarifa, bali ni usemi unaomlazimu mwenye maarifa aache alichokuwa akifanya.

6. Moto wa Allendale na moto wa Gusii

Saa nne usiku tawi la mti linaanguka, linavunja dirisha la jikoni, na dawa ya kusafishia inamwagika juu ya jiko na kuwaka. Nyumba inapigana. Mabomba yanamwaga maji mpaka akiba inakwisha, panya wanaleta maji, milango inafungwa, lakini upepo umeshaingia. Hapa ndipo tashihisi inapofikia upeo wake. Nyumba inapewa mifupa, neva, mishipa na ubongo ulio darini. Sauti zake zinalia kama watoto wanaokufa msituni. Wanafunzi hupenda kusema kwamba Bradbury ameifanya nyumba kuwa mtu tangu mwanzo. Tungependa kusisitiza kwamba utu wake unakuja hasa inapokufa. Ilipokuwa ikihudumu ilikuwa kifaa, na ilipoanza kuungua ikawa na mwili.

Moto huo umeanzia jikoni, na hilo linaturudisha kwenye riiga. Jifya moja haliinjiki chungu, wasema Waswahili, yaani jiko ni ushirika kabla ya kuwa moto. Jiko la Allendale limeweza kuinjika bila mafiga na bila wapishi. Limekuwa moto usio na ushirika, na ndilo linaloiteketeza nyumba.

Historia ya Gusii ina moto wake, na ulikuwa kinyume cha huu. Mwaka 1905 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipeleka kikosi cha kuwaadhibu Abagusii. Mwezi wa Januari 1908, baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wa wilaya G. A. S. Northcote, kikosi kingine kilitumwa. Watu waliuawa, ng'ombe walitekwa na nyumba zilichomwa, kiasi kwamba hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri katika wizara ya makoloni, alitiwa wasiwasi na taarifa zilizomfikia London. Nyumba zilizochomwa zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Kuta hizo hazikuacha magofu ambayo mshairi angeweza kuyaendea na kuita.

Lakini enyomba haikuteketea. Waliosalia walijenga tena, kwa udongo ule ule, na majina ya matawi ya ukoo yaliyotajwa kabla ya 1905 yaliendelea kutajwa baada ya 1908. Gusii jengo liliungua na nyumba ikabaki, na Allendale nyumba iliungua na jengo likabaki. Hatusemi hivi ili kuupunguza uchungu wa 1908, maana kuna wafu ambao hakuna ujenzi uliowarejesha. Tunasema hivi kwa sababu tofauti hii inaeleza kwa nini yule mwanafunzi wa semina alilikataa neno nyumba kwa uhakika mkubwa namna ile. Alikuwa akisema kutoka ndani ya lugha iliyojaribiwa kwa moto.

7. Hitimisho

Alfajiri ya tarehe 5 Agosti unabaki ukuta mmoja, na ndani yake sauti moja inayorudia tarehe ya siku hiyo tena na tena. Tunaona kwamba sauti hiyo sasa inafanana na mwangwi wa Pate kwa sura, kwa sababu ni maneno yanayojirudia katika magofu. Kwa maana haifanani, kwani mwangwi wa Pate una mtu aliyeuanzisha. Sauti ya Allendale inatangaza siku mpya kwa ulimwengu ambao hauna wa kuihesabu.

Turudi vilimani. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu zaidi ya milioni 1.2 na Nyamira zaidi ya laki 6 katika sensa ya 2019. Ardhi imegawanywa kati ya ndugu mpaka mashamba yamekuwa vipande vidogo, na katika hali hiyo nyumba kubwa isiyolaliwa si jambo dogo. Hatuna nia ya kuwalaumu wanaozijenga. Mtu mzima wa Gusii huzikwa nyumbani, karibu na nyumba yake, na anayejenga akiwa Minneapolis anajenga pia mahali pa kurudishwa. Nyumba hiyo si ya Allendale, kwa kuwa inawangoja watu walio hai, wanaopiga simu na kutuma fedha. Lakini kila taa inayojiwasha yenyewe inaifikisha hatua moja karibu na ile ya Bradbury, yaani nyumba inayoonekana kukaliwa kwa sababu mashine zake zinafanya kazi.

Kinachoitenga na Allendale ni mlinzi. Yeye si mashine, na si bwana. Ni mrithi wa wale wapepeaji na wakandaji ambao Al-Inkishafi iliwasahau: anaifahamu nyumba kuliko waliyoijenga, analala humo, anajua paa linavuja wapi. Akibishiwa hodi hawezi kujifanya kwamba chakula kiko mezani. Anasimama langoni na kusema kwamba wenyewe hawapo, na kwa kusema hivyo anakiri mambo matatu kwa mara moja: kwamba nyumba ina wenyewe, kwamba hawapo, na kwamba yeye yupo.

Uhakiki wetu umeyazungumzia kwa muda mrefu magofu ya pwani, na umeanza kuzungumzia hadithi za kisayansi, hasa baada ya Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na baada ya Kezilahabi kutuonyesha ulimwengu ulioangamia katika Mzingile (1991). Bado haujamsikiliza vya kutosha huyu anayebaki na funguo. Mwanafunzi atakayetaka kuandika tasnifu juu ya nyumba katika fasihi yetu angefanya vyema kumwanzia yeye, langoni, kabla ya kuingia ndani.